Hewa Ukaa Ilivyoingia Katika Kahawa

Mwaka 1819, mjini Jena, Ujerumani, mkemia kijana Friedlieb Ferdinand Runge alikwenda kumwona mshairi Goethe akiwa amebeba paka. Jicho la paka huyo alikuwa amelitia dawa ya mmea wa beladona, na mboni ilikuwa imetanuka kupita kiasi. Goethe alipendezwa na onyesho hilo, akampa kijana buni kidogo, ambazo siku hizo zilikuwa kitu adimu, akamwambia azichunguze. Haikuchukua muda Runge akaipata kafeini.

Kuitoa kafeini bila kuiharibu kahawa kulisubiri miaka 80 na zaidi. Aliyefanikisha kibiashara ni Ludwig Roselius wa Bremen, ambaye aliamini kahawa ndiyo iliyomuua baba yake. Husimuliwa kwamba shehena yake moja ya buni iliingiwa na maji ya bahari, naye hapo akaiona njia. Huenda, ingawa kisa hicho kinanukia tangazo la biashara. La hakika ni kwamba kampuni yake, Kaffee HAG, ilianzishwa mwaka 1906, na buni zake zilifukizwa kwa mvuke kisha kuoshwa kwa benzini, kemikali inayojulikana leo kuwa husababisha saratani. Baadaye viwanda vilihamia viyeyushi vingine, lakini vingi navyo vilikuwa kemikali ambazo mnywaji angependelea zisikaribie kikombe chake.

Aliyegeuza mkondo hakuwa mtu wa kahawa hata kidogo. Kurt Zosel alifanya kazi katika Taasisi ya Max Planck ya Utafiti wa Makaa ya Mawe, Mülheim an der Ruhr, iliyoongozwa na Karl Ziegler, mshindi wa Nobeli ya kemia ya 1963. Akiwa katika shughuli za kutenganisha michanganyiko ya kemikali, Zosel aligundua kwamba gesi ikibanwa sana huweza kuyeyusha na kubeba vitu ambavyo kwa kawaida haivigusi. Mwaka 1967 akaijaribu hewa ukaa, hii hii tunayoitoa puani, nayo ikaichomoa kafeini.

Hewa ukaa ikipita nyuzi joto 31 za selsiasi, na mgandamizo ukazidi takriban mara 73 ya ule wa angahewa, haiwi tena gesi wala kimiminika. Mpaka huo Thomas Andrews wa Belfast alikwisha kuueleza mwaka 1869. Ikiwa katika hali hiyo hupenya punje kama gesi na kuyeyusha kama kimiminika.

Kiwandani kazi huanza na buni mbichi, kabla ya kukaangwa. Hufukizwa na kuloweshwa mpaka zivimbe, maana buni kavu huing'ang'ania kafeini yake. Unyevu ndio unaoilegeza. Kisha hujazwa katika mtungi mrefu wa chuma kinene, na hewa ukaa husukumwa humo kwa saa nyingi, kwa mgandamizo wa mara 200 ya angahewa au zaidi. Ikitoka imebeba kafeini, huoshwa kwa maji au hupitishwa kwenye mkaa maalumu unaoinasa, halafu hurudishwa mtungini ianze upya. Uhodari wake, naona, uko katika kuchagua. Maji matupu huzoa kafeini pamoja na ladha. Hewa ukaa huziacha sukari na protini mahali pake, na hizo ndizo zinazozaa harufu ya kahawa ikikaangwa.

Mitambo ya kuhimili mgandamizo huo ni ghali, hivyo walioimudu kwanza ni wakubwa: HAG kule Bremen mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha kiwanda cha Houston, Marekani, mwongo uliofuata. Kafeini inayopatikana haitupwi. Husafishwa na kuuziwa watengenezaji wa soda na dawa. Kiasi chake hutegemea aina ya buni: robusta, kama ile ya Kagera, huwa nayo karibu mara mbili ya arabika ya Kilimanjaro.

Sheria za Ulaya zinataka kahawa iliyotolewa kafeini, ikishakaangwa, isibaki na zaidi ya asilimia 0.1 ya kafeini. Kwa hiyo aliyekatazwa kafeini kabisa na daktari ajue kuwa mabaki yapo. Na kwa kuwa pakiti nyingi hazitaji njia iliyotumika, muulize muuzaji kabla hujalipa.