Nani Mwenye Mamlaka ya Kukadiria Kihamba? Historia ya Uthamini wa Ardhi Kilimanjaro

Wengi hudhani kwamba uthamini wa ardhi na majengo ni kazi ya kitaalamu tu, kazi ya kamba ya kupimia na mahesabu. Fikra hiyo ina kasoro. Kabla ya kuuliza kiwanja kina thamani ya shilingi ngapi, lazima tuulize ni nani mwenye mamlaka ya kutaja bei, amepewa na nani, na anaitaja kwa manufaa ya tabaka gani. Historia ya Moshi na miteremko ya Kilimanjaro inayajibu maswali hayo waziwazi, kwa sababu huko ardhi ni haba, ina rutuba, na imegombewa kwa zaidi ya karne moja.

Katika Uchagga wa kale kihamba kilikuwa na thamani kubwa, lakini hakikuwa na bei. Ndani yake mlikuwa na migomba, maji ya mfongo na makaburi ya wazee. Mpakani yalipandwa masale. Mtu alikipata kwa ukoo wake au kwa Mangi, akawarithisha wanawe. Tusiipambe hali hiyo kupita kiasi: Mangi naye alikuwa na watu aliowapendelea, na mwanamke alikilima kihamba bila kukirithi. Hata hivyo, mgogoro wa mpaka ulipozuka, waliosikilizwa ni wazee waliojua nani alipanda sale lipi, na maisha yao yalikuwa palepale pamoja na wadai wote wawili.

Ubeberu uliuvunja utaratibu huo. Amri ya Wajerumani ya mwaka 1895 iliitangaza ardhi “isiyo na mwenyewe” kuwa mali ya Dola yao, na kwa macho ya mlowezi hata ardhi ya malisho au iliyopumzishwa ilikuwa haina mwenyewe. Mashamba makubwa yakakatwa chini ya ukanda wa vihamba, kati ya wananchi na tambarare. Reli ya kutoka Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, ardhi ya jirani ikapanda thamani bila mlowezi kutoa jasho lolote. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliyataifisha mashamba ya Wajerumani kama mali ya adui, wakayauza kwa mnada. Nyundo ya dalali ndiyo iliyoweka bei. Mwananchi ambaye babu yake alichungia ng'ombe hapo hakuulizwa. Mwaka 1946 na 1947 tume ya Jaji Mark Wilson ililichunguza suala la ardhi ya Arusha na Moshi, ikakiri kwamba wenyeji wamebanwa na kushauri sehemu ya mashamba irudishwe kwao.

Wakati huo kahawa ilikwisha kukiingiza kihamba katika soko la dunia. Wakulima waliounda chama chao mwaka 1925, na kisha KNCU mwaka 1933, walijua kilo ya kahawa inauzwa kiasi gani. Hatua iliyofuata ingekuwa kuuza udongo wenyewe. Serikali ya kikoloni ilipopendekeza milki ya daima kwa Waafrika, Mwalimu Nyerere aliijibu mwaka 1958 kwa kijitabu cha Mali ya Taifa. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu huimiliki kwa haki kazi aliyoifanya juu ya ardhi, lakini ardhi yenyewe hakuna aliyeiumba. Ikiuzwa kama shati, wachache wataimiliki yote na wengi watakuwa wapangaji.

Hoja hiyo ikawa sheria. Milki ya daima ilifutwa mwaka 1963. Sheria ya kutwaa ardhi ya mwaka 1967 ilifidia maendelezo, siyo udongo mtupu. Mwaka 1971 yakataifishwa majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, na jengo lililozidi miaka 10 halikulipiwa fidia. Maana yake ni kwamba kodi ya miaka 10 ilihesabiwa kuwa imekwisha kumrudishia mwenye nyumba gharama yake. Huo nao ni uthamini, ila umefanywa na Bunge.

Sasa, je, mthamini mwenyewe ni nani? Taaluma hii tuliipokea kutoka Uingereza, ambako wapima waliunda taasisi yao London mwaka 1868, na herufi zinazofuata jina la mwanachama zikawa ndicho kibali cha kuaminiwa. Nchi changa haikuweza kuendelea kuazima herufi hizo. Chuo cha Ardhi cha Dar es Salaam, ambacho tangu 2007 ni Chuo Kikuu Ardhi, kilianza kuwafundisha wathamini wetu wenyewe, na sheria namba 2 ya mwaka 1977 ikaunda baraza la kitaifa la kuwasajili. Marekani, ambayo watu hudhani imetangulia katika kila jambo, iliyalazimisha majimbo yake kuwa na leseni za wathamini kwa sheria ya mwaka 1989, baada ya vyama vya akiba na mikopo kuporomoka, kwa sehemu kutokana na nyumba zilizokadiriwa bei za uongo.

Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Lohay Akonaay, iliamua kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba aliyeitolea ardhi jasho anastahili fidia hata kama hakuna maendelezo yanayoonekana. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zikakiri kwamba ardhi yenyewe ina thamani. Hatimaye sheria namba 7 ya mwaka 2016 iliwatenga wathamini na wapima, ikaunda Bodi ya Usajili wa Wathamini, na kuiweka taarifa ya fidia chini ya idhini ya Mthamini Mkuu wa Serikali.

Leseni inamlinda mwananchi dhidi ya tapeli. Lakini usajili unaweza pia kuwa ua wa kuwakinga wenye taaluma, iwapo mkulima wa Rombo au Marangu hana uwezo wa kumlipa mtaalamu wake na analazimika kumtegemea yule aliyeletwa na anayetaka ardhi. Tena mtaalamu hutafuta bei ya soko kwa kulinganisha mauzo ya jirani, na vihamba vingi haviuzwi hadharani, hurithiwa. Kuhusu makaburi, sheria ya mwaka 1969 inagharimia kuyafukua, kuyasafirisha na kuzika upya. Lakini kuzika upya wapi, wakati kihamba chenyewe ndicho kilichotwaliwa?