Ngao Iliyotafutwa kwa Ajili ya Vita

Dawa ninayoisimulia hapa ilitafutwa kwa ajili ya askari, ingawa historia yake inaanzia kwa panya. Mwaka 1949, katika maabara ya Argonne karibu na Chicago, Harvey Patt na wenzake waliwapa panya sisteini, asidi amino yenye salfa, kisha wakawapiga eksirei kali. Wengi wao walinusurika dozi iliyowaua panya wengine. Ilipotolewa baada ya mionzi, haikufaa kitu.

Hiroshima na Nagasaki zilikuwa na miaka minne tu tangu ziteketezwe. Majeshi yalielewa mara moja maana ya panya wale. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, taasisi ya utafiti ya jeshi la Marekani, Walter Reed, ilipima misombo zaidi ya 4,000 ikitafuta kinga ya vita vya nyuklia. Mmoja uliitwa WR-2721, herufi za mwanzo zikiwa za taasisi yenyewe. Leo tunauita amifostini.

Jeshi halikupata lilichotaka. Dawa ilitakiwa iingie mwilini kabla ya mionzi, na iliwatapisha watu na kuwashusha presha. Nani angejua saa ya bomu? Na askari anayetapika angepigana vipi?

Hospitalini, hata hivyo, saa ya mionzi inajulikana. Kilichobaki ni swali ambalo kwangu ndilo kiini cha historia hii yote: ngao inayomkinga mgonjwa, itaacha vipi kuukinga na uvimbe wake?

Mwaka 1969, John Yuhas na John Storer walitoa jibu la kwanza kutoka kwa panya wenye saratani: tishu zenye afya zilikingwa sana, uvimbe kidogo mno. Sababu ni kwamba amifostini huingia ikiwa imelala. Huamshwa na kimeng'enya kilichojaa katika kuta za mishipa midogo ya damu ya tishu zenye afya. Ikishaamka, huzima molekuli haribifu ambazo mionzi huzizalisha kutoka kwenye maji ya seli, kabla hazijakata DNA. Uvimbe hujijengea mishipa ovyo ovyo, kimeng'enya hicho ni haba, na mazingira yake yana asidi. Unyonge wake wenyewe huunyima ngao.

Naifuatilia habari hii kwa sababu ya mate. Mjomba wangu alipigwa mionzi ya koo, akapona saratani, lakini tezi zake za mate hazikupona. Ugali aliuteremsha kwa maji, tonge baada ya tonge. Kabla ya hapo sikuwahi kufikiria kwamba mate ni mali.

Mwaka 1999 Marekani iliidhinisha amifostini kwa ukavu huo wa kinywa. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2000 na David Brizel na wenzake, kwa wagonjwa 315, ukavu mkali wakati wa tiba ulishuka kutoka asilimia 78 hadi 51. Lakini hapakuwa na dawa bandia ya kulinganishia, na kichefuchefu kiliwafuata wagonjwa siku baada ya siku ya matibabu.

Hofu ya kuukinga uvimbe ilidumu. Mwaka 2011, uchambuzi wa majaribio 12 yenye wagonjwa 1,119 haukuona kwamba dawa hii ilipunguza uhai wao. Kufikia wakati huo mashine mpya zilikuwa zimejifunza kuupinda mwale uzikwepe tezi za mate, na sindano ile ikaanza kuonekana ghali kwa mwili na kwa mfuko.

Naiona thamani yake katika swali iliyotuachia. Kwa miaka mingi, aliyepona saratani aliambiwa ashukuru na avumilie yaliyobaki. Amifostini iliwalazimisha madaktari kuyahesabu hayo yaliyobaki: kupima mate, kuuliza kama mtu anaweza kumeza, na kuyaandika majibu yake kuwa sehemu ya matokeo ya tiba.