Kisa cha Vita

Wanahistoria na wanasheria wana maneno mawili ya Kilatini ambayo hawajayaacha hadi leo: casus belli. Ni tukio ambalo taifa hulinyooshea kidole na kusema, kwa hili tunaingia vitani. Mara nyingi tukio hilo ni shambulio. Kwa Kiswahili nimeyaona yakiandikwa “chanzo cha vita”, “sababu ya vita”, hata “kisingizio cha vita”, kana kwamba yote ni mamoja. Mimi nasema “kisa cha vita”.

Twende Kagera. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuteka ardhi ya Tanzania iliyo kaskazini ya Mto Kagera, kiasi cha kilomita za mraba 1,800. Raia waliuawa, ng'ombe wakaswagwa kupelekwa Uganda, na Amin akatangaza kwamba mpaka sasa ni mto. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere aliwahutubia Watanzania na kutaja mambo matatu ambayo nchi inayo: uwezo wa kumpiga Amin, sababu ya kumpiga, na nia ya kumpiga. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilikuwa imetekwa.

Mwalimu alisema “sababu”, na kila aliyemsikia alijua ni ipi. Mwandishi wa historia hana urahisi huo, maana sababu za uhasama ule zilikuwa nyingi. Amin alimpindua Milton Obote Januari 1971, Tanzania ikampa Obote hifadhi, na Septemba 1972 wafuasi wake wakaivamia Uganda wakitokea Tanzania, wakashindwa. Hapo ndipo penye chanzo. Chanzo ni pale jambo lilipoanzia, na laweza kukaa miaka chini kwa chini pasipo risasi kulia. Kilichoitoa Tanzania kambini ni kule kuvukwa kwa mpaka. Vivyo hivyo, anayeandika kwamba chanzo cha Vita Kuu ya Kwanza ni mauaji ya Sarajevo ya tarehe 28 Juni 1914 anampotosha msomaji. Yale yalikuwa kisa. Chanzo kilikuwa kimeota mizizi Ulaya nzima zamani.

“Kisingizio” nalo ni neno la hukumu, na hukumu huhitaji ushahidi. Tarehe 4 Agosti 1964 Marekani ilitangaza kwamba manowari zake zimeshambuliwa kwa mara ya pili katika Ghuba ya Tonkin. Siku tatu baadaye Bunge lake lilimpa Rais Johnson ruhusa ya kutumia jeshi Vietnam. Baadaye ilidhihirika kwamba shambulio hilo la pili halikutokea. Mhariri wa siku ile angejuaje? Kama angeandika “kisa”, hadi leo asingekuwa na la kusahihisha, kwa kuwa neno hilo linataja kile kilichoshikwa kuwa hoja, bila kuapa kwamba ni kweli wala uongo. Hata Amin alikuwa na kisa chake: alidai Tanzania ndiyo iliyotangulia kumvamia.

Uzuri wa “kisa” ni kwamba linabeba mambo mawili kwa pamoja. Ni mkasa, jambo lililotokea likasimuliwa, tena ni sababu, kama mtoto anapouliza, “Kisa cha kunipiga ni nini?” Casus la Kilatini lina tukio tu, na hiyo sababu hulazimika kuongezwa na msomaji. Kwa hiyo hapa tafsiri yetu imelizidi neno lililotafsiriwa, nami sioni haya kulisema.

Wapo watakaolalamika kwamba wingi wake, “visa”, utachanganywa na kile kibali cha kuingia nchi ya kigeni. Ngeli italimaliza hilo: visa vya vita, visa ya Uingereza. Kinachonivutia zaidi katika wingi huo ni maana nyingine, ya mtu anayefanya visa, anayechokoza makusudi ili mwenzake aonekane mkosaji. Usiku wa tarehe 31 Agosti 1939 watu wa SS walivamia kituo cha redio cha Wajerumani wenyewe huko Gleiwitz, wakijifanya Wapoland, na alfajiri jeshi la Hitler likaingia Poland. Wale walitafuta kisa kwa kufanya visa.