Kukalia

Mtu hukalia kigoda, bosi aliyeharibu hukalia kuti kavu, karani hukalia faili. Watafiti nao hukalia matokeo. Mwaka 1980, Uingereza, lorkainidi, dawa ya kurekebisha mapigo ya moyo, ilijaribiwa kwa watu waliopata shambulio la moyo. Waliopewa dawa walikufa 9. Waliopewa kidonge kitupu, 1. Watafiti wakadhani ni bahati mbaya, dawa ikaachwa kwa sababu za biashara, ripoti ikachapishwa 1993. Miaka 13! Huku nyuma madaktari waliendelea kuandikia wagonjwa dawa za jamii ileile. “Kuficha” ni neno kali mno hapa. “Kuchelewesha”, laini mno. Karani anayeshughulikia kiwanja changu naye hajaficha faili langu. Liko palepale mezani, chini ya birika la chai.