Ziwa Lilivyosikika Sinemani

Dakika za mwanzo za filamu ya The African Queen ni ugomvi wa sauti mbili. Ndani ya kanisa la kijiji, Katharine Hepburn anakanyaga pedali za kinanda huku jasho likimtiririka, na kaka yake mchungaji, anayeigizwa na Robert Morley, anajaribu kuongoza wimbo wa ibada ambao kila muumini anauimba kwa njia yake. Mara mtoni boti chakavu ya Humphrey Bogart inapiga honi ya mvuke, na ibada inavurugika. Mtazamaji ameshajua, kabla ya mazungumzo yoyote ya maana, kwamba kanisa na boti havitapatana upesi.

Filamu hiyo ya 1951 iliongozwa na John Huston kutoka katika riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935. Forester alilibadilisha ziwa jina, lakini habari aliyoijengea kisa chake ni ya Tanganyika, ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 600, ambalo Bujumbura imekaa kwenye ncha yake ya kaskazini. Meli ya kivita ya Louisa, ambayo Bogart na Hepburn wanapanga kuilipua, ina ndugu yake wa kweli. Wazee wa mwambao mzima, kuanzia Bujumbura hadi Mpulungu, wanaijua kwa jina moja: Liemba.

Ilizaliwa na jina jingine. Mwaka 1913 karakana ya Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, iliiunda meli ya Graf von Götzen, ikaifungua vipande vipande na kuipakia katika makasha yapatayo 5,000. Makasha yakashuka Dar es Salaam, yakapanda reli ya kati, na Kigoma mafundi wakaanza kuunga upya, ribiti kwa ribiti. Februari 1915 meli ikaingia majini, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa tayari imewaka. Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa, ilikuwa kituo cha Wajerumani hadi Wabelgiji walipoiteka Juni 1916. Wiki chache baadaye, tarehe 26 Julai, Wajerumani wakaizamisha Götzen kwa mikono yao karibu na mlango wa mto Malagarasi. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito ili maji yasiile. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, grisi ile ilikuwa imefanya kazi yake, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini ikiwa na jina la Liemba.

Kwa hiyo hapana torpedo iliyoipiga, na hapana wapenzi wawili waliookolewa na mlipuko. Huston alihitaji mwisho wa kishindo, na pengine ziwa lenyewe lilimpa kisa chenye utulivu mno: meli iliyolazwa chini ili siku moja iamshwe.

Huston hakuleta kamera yake Tanganyika. Alipiga picha katika mto Ruiki wa Kongo ya Wabelgiji, kisha Uganda, pande za Butiaba na maporomoko ya Murchison, na sehemu nyingine studioni Uingereza. Muziki nao ulipigwa huko huko Uingereza, na okestra ya Royal Philharmonic chini ya Norman Del Mar. Mtunzi aliitwa Allan Gray, jina la kujipa; la kuzaliwa lilikuwa Josef Zmigrod, Myahudi kutoka Tarnów, Poland. Alijifunza kwa Arnold Schoenberg, akatunga muziki wa filamu Berlin, na Wanazi walipotwaa madaraka mwaka 1933 akakimbia. Mtu huyo ndiye aliyepewa kazi ya kuandika muziki wa kuzama kwa meli ya Ujerumani. Haijulikani moyoni alisikia nini alipouandika, lakini ukijua maisha yake, shangwe ya mwisho wa filamu hiyo huisikii tena kama ya vichekesho tu.

Mwaka mmoja kabla ya The African Queen, studio ya MGM ilikuwa imechukua njia ya kinyume kabisa. King Solomon's Mines ya 1950 ilipigwa Kenya, Tanganyika, Uganda, Kongo na Ruanda-Urundi, eneo ambalo makao yake makuu yalikuwa Usumbura. Watengenezaji waliacha okestra. Filamu nzima ya Hollywood, iliyopigwa kwa gharama kubwa na kushinda Oscar ya upigaji picha, inategemea ngoma, nyimbo na vishindo vya miguu vya watu wa maeneo hayo, na kilele chake ni wachezaji warefu wa upande wa Rwanda. Hadithi yenyewe imejaa dhana za kikoloni zisizotetewa leo. Masikioni, hata hivyo, ina ujasiri ambao filamu nyingi zilizoifuata ziliukosa. Waliokuja baadaye walirudi kwenye violini, wakazichanganya na ngoma kidogo kama pilipili juu ya chakula.

Ngoma za Burundi zenyewe zilisafiri kwa njia nyingine. Katika Kirundi neno ingoma ni ngoma na ni ufalme pia. Huchongwa katika gogo la umuvugangoma, mti ambao Waswahili huuita mringaringa, na enzi za mwami zilipigwa kwenye shughuli kubwa za ufalme, hasa umuganuro, sherehe ya kupanda mtama. Mpigaji mmoja hukaa katikati na ngoma iitwayo inkiranya, anayoitii kila mtu. Amashakwe hushika mapigo yasiyokatika, na ibishikizo humjibu wa katikati. Ufalme uliondolewa mwaka 1966. Mwaka uliofuata Wafaransa wa lebo ya Ocora wakaja na vinasa sauti, wakarekodi ngoma hizo pamoja na inanga, ala ya nyuzi ambayo mwimbaji wake hunong'ona ili sauti yake isizifunike nyuzi.

Santuri iliyotokana na rekodi hizo, Musiques du Burundi, ilifika mbali kuliko shehena yoyote ya kahawa. Mwaka 1971 mapigo yake yalibandikwa piano na gitaa huko Paris na kuuzwa kama Burundi Black. Jina lililoandikwa kwenye nafasi ya mtunzi halikuwa la mpiga ngoma hata mmoja. Mwaka 1975 Joni Mitchell akayatumia katika The Jungle Line. Miaka ya 1980 ilipoanza, vijana wa Uingereza waliopenda Adam and the Ants walikuwa wakicheza mdundo wa Burundi bila kujua Burundi iko wapi.

Kisha ukaja mwaka 1982 na Fitzcarraldo ya Werner Herzog. Filamu inasimulia mtu aliyetaka kujenga jumba la opera katika msitu wa Amazon, akaivusha meli ya mvuke juu ya kilima ili kutoka mto mmoja hadi mwingine. Herzog aliivuta meli ya kweli, nzima, kwa kamba na magogo. Mfanyabiashara wa mpira aliyemtia wazo hilo, Carlos Fitzcarrald, yeye alikuwa ameifungua boti yake na kuibeba vipande vipande, sawa na Wajerumani walivyoileta Götzen Kigoma. Na katika sahani ya muziki wa filamu hiyo, pamoja na bendi ya Popol Vuh na sauti ya Enrico Caruso, umo muziki uliorekodiwa Burundi. Hakuna ushahidi kwamba Herzog aliiwazia Liemba alipouchagua. Lakini anayelijua ziwa hawezi kuusikiliza bila kuiona meli nyingine, ile ya makasha 5,000.

Bujumbura yenyewe ilingoja hadi 1992 kupata filamu yake ndefu ya kwanza, Gito l'ingrat. Aliyeiongoza, Léonce Ngabo, alikuwa mwanamuziki aliyefahamika nyumbani kabla hajashika kamera, na hilo si jambo dogo. Gito, anayeigizwa na Joseph Kumbela, anarudi kutoka masomoni Paris akiamini uwaziri unamsubiri. Anakuta kazi hakuna, na wanawake wawili aliowadanganya wanaungana dhidi yake. Ni filamu ya mji wenye raha na majivuno, mji unaojicheka. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, vita vikaanza, na kicheko kile kikabaki kwenye mkanda. Ngabo hakukata tamaa: mwaka 2009 alianzisha FESTICAB, tamasha la filamu la Burundi.

Gaël Faye, aliyezaliwa Bujumbura mwaka 1982, aliuimba mji huo kabla ya kuuandika. Wimbo wake Petit pays ulitoka 2013, riwaya yenye jina hilo hilo 2016, na filamu ya Éric Barbier 2020, ikiwa na muziki wa Renaud Barbier. Ilipigwa Rwanda. Maji yanayoonekana nyuma ya watoto wale ni ya Kivu. Wengi hawatagundua, lakini mtu wa Bujumbura anayekula samaki aina ya mukeke aliyevuliwa usiku uliopita atagundua mara moja, kwa kuwa milima ya Uvira, ng'ambo ya ziwa, haikai vile. Hili ndilo linalouma katika historia yote hii: ziwa limetoa kisa, mdundo na mwimbaji, lakini mara nyingi sauti yake imerekodiwa mahali pengine.

Na sauti hazingoji. Miaka ya 1970 Liemba iliondolewa mitambo ya mvuke, ile ile iliyookolewa na grisi, ikatiwa ya dizeli. Mlio ambao Huston angeweza kuurekodi kwa safari ya siku chache umekwisha. Kwa mitambo hiyo mipya meli ilifanya kazi ambazo hakuna mwandishi wa Hollywood aliyezibuni. Mwaka 1997 ilisaidia kuwarudisha wakimbizi zaidi ya 75,000 kutoka Kigoma hadi Uvira, ng'ambo tu ya Bujumbura. Mei 2015, Warundi walipokimbilia Kagunga, kijiji kisicho na gati, ilitia nanga majini, mitumbwi ikawaleta watu hadi ubavuni pake, takriban 600 kwa kila safari.

Mtunzi atakayeitia muziki safari ile asianzie studioni. Aende bandarini Bujumbura alfajiri, akanase winchi ikinyanyua mifuko ya saruji, makuli wakihesabu kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kirundi, na injini za mitumbwi zikirudi na ndagala kabla jua halijatoka.