Herufi za Mbao Katika Nchi ya Ng'ombe

Pwani iliijua heshima ya mwandiko kabla ya mtambo wa chapa. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa malenga, mwandishi wa khati na mchonga mbao kwa pamoja. Katika mkono wa fundi kama huyo, umbo la herufi ni sehemu ya neno.

Herufi za Kirumi nazo zina historia yao ya mbao. Mwanzoni mwa karne ya 19, wachapaji wa London walianza kutengeneza herufi nene, zenye vituo vya mraba miguuni mithili ya nyayo, ili tangazo lisomwe na mpita njia aliye mbali. Risasi ilikuwa nzito na ghali kwa herufi kubwa. Ndipo mwaka 1827 Darius Wells wa New York akabuni mashine ya kuzichonga kwa mbao. Mwaka 1845 ikatoka London herufi iitwayo Clarendon, ikaigwa upesi. Herufi za jamii hiyo zilifika magharibi ya Marekani, zikatangaza minada, sarakasi na wahalifu waliotafutwa. Baadaye sinema zikazifunga na wachunga ng'ombe wenye bastola, hata azionaye leo humkumbuka mpanda farasi.

Mara nayo ni nchi ya ng'ombe, na ni nchi ya wasafiri. Bunda iko kwenye barabara ya Mwanza na Musoma. Hapo jina la bucha au la gereji lina nukta chache tu za kusomwa na abiria aliye dirishani. Herufi nene yenye nyayo humfaa mwenye duka, maadamu jina ni fupi. Musoma, kando ya ziwa, yafaa ubavuni mwa mashua na juu ya tangazo la mpira au la ngoma. Lakini maneno mengi yakiandikwa hivyo, weusi hujaa, nafasi hubana na jicho huchoka.

Butiama yataka adabu nyingine. Hapo Julius Nyerere alizaliwa mwaka 1922. Mwaka 1934 akaenda kusoma shule ya Mwisenge, Musoma. Na hapo akazikwa mwaka 1999. Tafsiri yake ya Shakespeare ilitoka mwaka 1963 kwa jina la *Julius Caezar*, na mwaka 1969 ikarudi kwa jina la *Juliasi Kaizari*. Herufi zilikuwa zile zile za kigeni, ila jina lilikwisha kuvaa matamshi ya Kiswahili. Ndivyo mgeni afanywavyo mwenyeji: kwa kuchaguliwa mahali pake.

Leo kompyuta humpa kila mtu herufi za kila namna, na kazi ya kuchagua imebaki kwa mwanadamu. Jalada la diwani likivalishwa herufi ya mnada, msomaji ataisikia sauti ya dalali kabla ya sauti ya malenga.