Kihisi leza cha kabonidayoksaidi

Imbabura, yaani jiko la makaa, ikiwashwa uani mtaani Mutanga Sud, Bujumbura, makaa hutoa gesi mbili za kaboni kwa pamoja. Moja, kabonimonoksaidi, huwaua watu waliolala na jiko chumbani madirisha yamefungwa. Nyingine, kabonidayoksaidi, ndiyo inayojadiliwa katika mikutano ya tabianchi. Magazeti yameipa hii ya pili jina la hewa ukaa. Ni jina tamu, na kwa biashara ya misitu linafaa, ila msomaji akisikia "ukaa" huwaza makaa, kisha moshi, kisha maiti chumbani. Kwa chombo ambacho kazi yake ni kutenganisha gesi na gesi, naona jina hilo halitoshi.

Kila gesi hufyonza mwanga wa mawimbi yake. Kabonidayoksaidi hufyonza kwa nguvu kwenye mikromita 4.26, mwanga usioonekana kwa macho. Vihisi vya dola mia moja hivi hutumia taa ndogo na kichujio cha wimbi hilo. Kichujio hupitisha ukanda mpana, na joto na unyevu vikibadilika, kama ilivyo kawaida kando ya Ziwa Tanganyika, kipimo huyumba. Kosa la chembe 50 katika milioni si ajabu. Charles David Keeling alipoanza kupima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, hewa ilikuwa na chembe 315 hivi katika milioni. Mwaka 2024 wastani ulipita 420. Kosa hilo peke yake linameza karibu nusu ya ongezeko lote la miaka hiyo.

Leza hutoa wimbi jembamba sana. Ukiubadilisha kidogo mkondo wa umeme, wimbi husogea na kupita juu ya mstari mmoja wa ufyonzaji wa gesi unayoitaka, likikwepa mistari ya mvuke wa maji.

Ugumu uko kwenye bei. Leza za mikromita 1.6 hivi ni jamaa wa zile za nyaya za faiba zinazotuletea intaneti, lakini huko kabonidayoksaidi hufyonza kwa udhaifu wa zaidi ya mara 100,000 ukilinganisha na mikromita 4.26. Basi mwanga hulazimishwa kurudi kati ya vioo maelfu ya mara, ukatembea kilomita kadhaa ndani ya kisanduku kifupi. Kituo cha Mlima Mugogo nchini Rwanda, mita 2,590 juu ya bahari, kinatumia chombo cha aina hiyo, na bei yake ni makumi ya maelfu ya dola. Wanaotafuta unafuu huhamia mikromita 2, ambako ufyonzaji una nguvu zaidi, hivyo vioo vya kawaida na njia fupi ya mwanga vinaweza kutosha.

Si kila mahali panahitaji ustadi huo. Goma, karibu na Ziwa Kivu ambalo maji yake hutufikia kwa mto Ruzizi, kabonidayoksaidi hutoka ardhini na kutuama mabondeni. Watu huiita mazuku, na wanasayansi wa volkano duniani huliandika neno hilo vivyo hivyo. Huko gesi inaweza kupita asilimia 10 ya hewa, na kihisi cha taa kinatosha kabisa kumwambia mtu akimbie.

Tukirudi kwenye jina: "sensa" tumeshaitumia kuhesabu watu, kwa hiyo kihisi, kutoka kuhisi. Nalo "kihisi cha leza" lina mtego. Kihisi cha moshi huhisi moshi. Kihisi cha leza kingehisi leza. Leza hapa ni njia ya kuhisi, si kinachohisiwa, ndiyo maana naandika kihisi leza, bila kiunganishi, kisha gesi: kihisi leza cha kabonidayoksaidi. Mwanafunzi aliyesoma kwa Kifaransa atapenda "dioksidi ya kaboni", na sitagombana naye mradi asiiite hewa ukaa.

Kuhusu unafuu wa bei, hesabu ijumuishe pia mitungi ya gesi yenye kiwango kinachojulikana, ambayo kila kihisi hulinganishwa nayo mara kwa mara. Mtungi ukiisha, leza huendelea kutoa namba, ila hakuna wa kuthibitisha kama ni za kweli.